Ukuta wa Sebule ya Mama Salima

Newala, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Hassani,

Salamu sizirudii, maana asubuhi umeniamkia nami nikakuitikia, na jioni ukirudi kutoka Chiungutwa kumuaga bibi yako tutaamkiana tena, kama utapenda. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Kalamu ninayoijua mimi ni ile ya seremala, ya kupigia mstari ukutani. Barua ya mwisho kuandika nilimwandikia mama yako kabla hatujaoana, naye aliniambia haisomeki. Basi jitahidi. Nimekaa barazani, daftari lako la darasa la saba liko magotini, na muda nilionao ni mpaka bodaboda ikurudishe.

Mambo ya safari siyagusi. Mama yako ameshakwambia ukae upande gani wa basi, ule nini na usile nini, na korosho za mjomba wako amezikaanga zimejaa ndoo. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka kumi na moja.

Jana ulikuwa unapanga vifaa vyako kwenye mfuko. Mwiko mpana, skrepa mbili, misasa, ile mbao ya kunyooshea niliyokuchongea. Ukacheka, ukasema, "Nikifika Tunduru, kazi ya kwanza ni kumfundisha mjomba kuchanganya mchanga. Huku mpaka leo watu wanasema plasta ya Bakari."

Nikacheka na mimi. Sikutabasamu kwa kukuridhisha, nilicheka kabisa, meno ya nyuma yakaonekana. Mama yako alikuwa anakunja shuka lako. Aliliacha kitandani vile vile nusu, akatoka nje. Ulipokwenda kuoga alinifuata, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Baba Hassani," akasema, "mtoto hatapanda basi na maneno yale mdomoni. Anakwenda kulala kwenye nyumba ya mdogo wangu, kula chakula cha mdogo wangu, kufanya kazi mkono mmoja na mdogo wangu. Mwambie. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sitakupunguzia."

Ndiyo maana naandika. Kama asingesema, ningekuacha uende. Nataka ulijue hilo mwanzo kabisa, usije ukadhani baba yako amepata ujasiri ukubwani.

Plasta ya Mjomba Bakari haikuwa na kosa. Aliyeuharibu ukuta wa Mama Salima ni mimi.

Nimeandika mstari huo, nikainuka nikaenda kunywa maji, nikarudi. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, na nitaieleza kama fundi, kwa sababu wewe ni fundi na utajua pale nitakapodanganya.

Miaka ile mimi na mjomba wako tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Yeye plasta, mimi puti ya kulainisha juu yake, na rangi. Alikuwa kijana, hajaoa, amekuja kutoka Lulindi kukaa na dada yake, na kazi zake zilikuwa za kumwonea wivu. Ukuta wa Bakari ukiulazia mbao ya kunyooshea, ukamulika tochi kwa nyuma, mwanga haupiti. Nami mpiga puti niliyemfuata nilikuwa natumia nusu ya unga wanaotumia wenzangu, maana hapakuwa na mabonde ya kujaza. Watu walinisifu mimi. Mwenye nyumba haoni plasta, anaona kilicho juu. Nikazoea sifa hizo, nikaanza kuamini ni zangu.

Mama Salima, yule muuguzi mstaafu wa njia ya kwenda sokoni, alitupa nyumba yake tuimalize. Salima alikuwa anaolewa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, na mama alitaka wageni wa upande wa mume waingie kwenye sebule inayong'aa. Bakari alimaliza plasta mapema. Siku saba akainywesha maji, asubuhi na jioni. Unajua maji ya Newala yanavyopatikana. Mwenye nyumba alimwambia siku tatu zinatosha, mimi nikamwambia siku tatu zinatosha, yeye akapanda baiskeli alfajiri na madumu manne, akateremka bondeni, akarudi anaisukuma mlima mzima. Nilimtania. Nilimwita mke wa ukuta. Alijibu tu, "Shemeji, huu ukikosa maji sasa, hautayadai kesho. Utapasuka."

Akaiacha ikauke wiki kadhaa, akaenda Lulindi kupalilia. Zamu ikawa yangu.

Nilimwahidi Mama Salima kwamba mpaka Ijumaa ya kuamkia harusi atajiona uso kwenye ukuta. Nilisema hivyo mbele ya majirani zake wanne, na mmoja akasema fundi huyu ana maneno, nami nikasema subiri uone. Vyumba vilikwenda vizuri. Jumatano asubuhi nikafungua mifuko miwili ya puti iliyobaki kwa ajili ya sebule, nikakuta jiwe. Dukani ilikuwa imeegemezwa ukutani penye unyevu, ikaganda. Mfuko mmoja niliupiga nyundo nikapata unga wa ndoo moja hivi. Wa pili haukutoa hata kikombe.

Hapo ndipo palipokuwa na njia, Hassani. Ningeweza kwenda Masasi nikarudi na mifuko mipya Alhamisi, nikapaka mkono mmoja badala ya miwili, pasing'ae sana lakini pashike. Ningeweza kumwambia Mama Salima sebule ipate chokaa tu, puti baada ya harusi. Angefoka. Angenisema mpaka jioni. Jumamosi angekuwa anashughulika na pilau na vigelegele, asingekumbuka. Mimi niliwaza wale majirani wanne.

Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akiipamba nyumba yake ya udongo kila inapokaribia Idi, au mtoto anapotoka jandoni. Anachimba udongo mweupe kule bondeni, anauchekecha kwa kanga kuukuu, anapika uji mwepesi wa muhogo, anauchanganya, anapaka kwa kitambaa. Nyumba inawaka. Uji ndio unaoushika udongo usitoke kwenye nguo za watu. Mvua zikija zinaondoa vyote, na mwakani anapaka tena, wala hakuna anayemlaumu. Hakumwahidi mtu kwamba itakaa.

Mimi nikauchukua ule ufundi wa bibi yako, nikaupeleka kwenye nyumba ya tofali za saruji.

Nilikuja hapa nyumbani, nikachukua sufuria kubwa ya mama yako, nikapika uji wa unga wa muhogo, mzito. Mama yako alikuwa anapepeta. Akauliza, "Uji wote huo wa nani?" Nikamwambia, "Wa ukuta." Akacheka, akaniambia nisiuunguze, ukuta usije ukaukataa. Nikasaga chaki za shuleni, nikachekecha chokaa, nikachanganya na ile puti ya ndoo moja, nikaumimina uji.

Nikwambie ukweli wa fundi: ilikuwa puti tamu kuliko zote nilizowahi kuzishika. Iliteleza chini ya mwiko bila kukwaruza. Mkono wa kwanza nikaupiga kwa kusimama, wa pili kwa kulala, kama nilivyokufundisha. Ijumaa asubuhi nikapiga msasa, nikafuta vumbi, nikapaka rangi ya maziwa. Niliizima taa ya juu nikamulika kutoka pembeni, sikuona kovu. Siku ya harusi wanawake walikuwa wanapita wanaupapasa ukuta kwa kiganja, na yule jirani aliyesema nina maneno alinishika mkono. Mjomba wako alikuja na kanzu yake, akaupapasa pia, akaniambia, "Shemeji, umeniheshimisha." Alidhani nimeiheshimu plasta yake.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na mbili. Kwanza Mama Salima alisikia harufu ya kitu kilichochacha, akadhani panya amekufa juu ya dari. Kisha vikatokea vidoa vyeusi, vidogo, kuanzia chini kwenda juu. Sisimizi wakafanya njia yao nyuma ya kochi. Mwezi wa kwanza ukuta ukavimba, na siku moja watu wa nyumba wakiwa wanakula, kipande cha ukubwa wa mlango kikadondoka.

Alituita wote wawili. Alitupokea vizuri, akatupa na viti, lakini sauti yake haikuwa ile. Akasema, "Mimi si fundi. Nimeweka kiinua mgongo changu chote humu. Nataka nijue kosa ni la nani, basi."

Sasa sikiliza, hili ni jambo la kazi na utalihitaji maisha yako yote. Puti ikibanduka, okota kipande ugeuze mgongo wake. Ukiona mchanga umeshikana nacho, plasta ndiyo mbovu, imeachia. Ukiona mgongo ni mweupe na safi, puti ndiyo haikushika. Ni jambo la kutazama tu, wala halina ubishi. Vipande vilikuwa vimejaa sakafuni na vyote vilikuwa na mgongo mweupe.

Mimi sikuokota kilichokuwa sakafuni. Nilikwenda ukutani, mahali ambapo puti ilikuwa bado imesimama, nikaingiza skrepa kwa nguvu, nikaichimbisha ndani kabisa mpaka kwenye plasta yenyewe, nikang'oa. Ukuta wowote duniani ukiuchimba hivyo utatoa mchanga. Nikakiweka kile kipande kiganjani mwa Mama Salima. Nikasema, "Ona mchanga huo, mama. Plasta haikushika."

Mjomba wako aliinama, akaokota kipande sakafuni. Akakigeuza. Akakinusa. Kisha akakigusa kwa ulimi, nikamwona uso wake unabadilika. Mtu aliyekulia ugali wa muhogo hawezi kukosea ladha ile. Alijua pale pale. Akaniangalia mimi, si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kujishikia.

Akaniuliza, "Shemeji, una hakika?"

Alinipa mlango, Hassani. Aliufungua mbele yangu nipite. Nikamjibu, "Nina hakika."

Unajua kwetu shemeji ni nani. Mimi nimemwoa dada yake. Nikivuliwa nguo mbele ya mwenye nyumba, anayeumbuka ni dada yake pia, na ndoa yake, na wewe uliyekuwa darasa la pili. Mimi nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nilijua hawezi kunibishia mbele za watu. Nililitumia lile nililolijua, na hapo ndipo mahali ninapopachukia zaidi, kuliko hata uji.

Akakitia kile kipande kwenye mfuko wa shati. Akasema, "Basi mama, nisamehe. Nitaupiga upya."

Akaupiga upya. Akaibomoa plasta yake nzuri kwa patasi, siku mbili, vumbi limemjaa kope. Akapanda tena baiskeli kwenda bondeni na madumu yake, siku saba, na safari hii wapita njia walikuwa wanamwuliza kama amekumbuka saruji. Mimi nilikuwa nakwenda jioni kumsimamia. Nilikwenda kweli. Mama Salima aliniomba nimwangalie asikosee tena, nami nikakubali. Nilisimama na mikono nyuma. Hakunisemesha neno lolote nje ya kazi, na ya kazi aliyasema kwa adabu ile ile ya siku zote. Ukuta ulipokauka nikaupiga puti ya dukani, mifuko mizima.

Ukuta huo ndio uliosimama mpaka leo. Ndio ule niliokupeleka ulipomaliza darasa la saba, nikakwambia uweke kiganja, nikakwambia, "Hii ndiyo kazi ya baba yako." Ukauweka mkono pale muda mrefu. Siku ile ulisema unataka kuwa fundi.

Huwezi kujua jinsi nilivyokupenda siku ile, na jinsi nilivyokuwa nataka kukimbia.

Baada ya hapo hakuna aliyempa Bakari ukuta hapa Newala. Plasta ikipasuka popote, hata iliyopigwa na mtu wa Tandahimba ambaye Bakari hamjui, watu walisema plasta ya Bakari. Vijana wakaifanya mzaha. Mzaha ule ulinisaidia, maana kila uliposemwa, mimi nilikuwa upande wa wanaocheka. Mwezi wa tatu akafunga mzigo wake akaenda Tunduru. Mama yako alimsindikiza mpaka stendi, akarudi akaingia jikoni, hakutoka mpaka jioni.

Sasa nakuja kwenye lako wewe.

Mwaka ule mwezi wa sita ulikwenda jandoni. Mtoto wa kwetu haendi bila mjomba kusema neno lake na kusimama upande wake. Wenzako wote walikuwa na wajomba zao. Upande wako alisimama mzee mmoja wa mtaani tuliyemwomba. Ulipotoka, umenyolewa, umevaa kanzu mpya, hukuuliza habari ya zawadi wala kuku. Uliniuliza, "Baba, mjomba mbona hakuja?"

Nikakujibu, "Aliona aibu."

Mama yako alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amembembeleza mdogo wake aje, naye alikuwa amekubali, na aliyesema asije ni mimi. Nilisema watu watakumbushana habari za ukuta, tutaharibu sherehe ya mtoto. Kwa hiyo mjomba wako hakukukimbia. Alikaa Tunduru siku ile kwa sababu mimi sikuweza kumtazama mbele ya watu. Ulikuwa na miaka tisa, nikakupa aibu yangu uibebe kwa jina lake, nawe umeibeba vizuri sana, mpaka jana ulipokuwa unapanga vifaa.

Na ile sufuria. Uliwahi kuuliza kwa nini sufuria kubwa namna ile inafanywa kifuniko cha pipa la maji, wakati mama yako anaazima ya jirani kila tukiwa na wageni. Mama yako akakwambia muulize baba yako. Nikakwambia imetoboka. Mama yako hajaipikia kitu tangu kile kipande kilipodondoka. Hakunipigia kelele hata siku moja. Aliigeuza tu, akaifunikia pipa, na kila ninapokwenda kuchota maji lazima niiinue. Miaka kumi na moja naiinua, asubuhi na jioni.

Utasema mbona mama naye alinyamaza. Muulize mwenyewe, lakini muulize kwa upole. Alikuwa na mdogo wake upande mmoja na mume na mtoto upande wa pili, na aliyemweka pale katikati ni mimi. Mimi nimemwona akizeeka kwa jambo hilo.

Wiki tatu zilizopita simu ya mama yako iliita akiwa shambani. Nikaipokea. Sauti ikasema, "Hujambo shemeji." Nikaijua kabla hajamaliza. Imekuwa nzito. Nikasema sijambo. Akasema, "Dada yupo? Nimesikia Hassani anatafuta kazi. Huku kuna majengo mengi, aje tu, nitakaa naye." Hakusema zaidi. Nilikuwa peke yangu, hapakuwa na mtu wa kunisikia, wala mwenye nyumba, wala jirani. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikasema, "Yuko shambani. Nitamwambia akupigie."

Kwa hiyo usidhani nimebadilika. Nakwambia hivi ili usije ukanitetea. Una tabia ya kunitetea, niliiona tangu ukiwa mdogo, na inanichoma.

Kazini utakutana na Jumatano yako. Mfuko utakuwa umeganda, au plasta itakuwa mbichi na bosi anataka rangi kesho, au utakuwa umekosea vipimo wewe mwenyewe. Sikuambii uwe mtu mwema, mimi si wa kukuambia hilo. Nakwambia tu ninachokijua: siku ya kwanza jambo linakuwa dogo, unaweza kulisema ukiwa umesimama na ndoo mkononi. Nenda kwa mwenye nyumba na ndoo yako, mwambie puti imeganda. Atafoka. Mwache afoke. Mimi sikutaka kufokewa jioni moja, na nimekula chakula cha baridi na mke wangu miaka kumi na moja.

Na usichanganye puti na kitu chochote kinacholiwa. Ukuta wa tofali si wa bibi yako.

Lingine ni hili. Mjomba wako atakapokupa ukuta wa kupiga, utaona mwenyewe ndani ya saa moja yeye ni fundi wa namna gani, na utajua. Ungejua hata bila barua hii. Ungeweka mbao yako, ungemulika tochi, mwanga usingepita, na ungeanza kujiuliza. Nimeiogopa sana siku hiyo. Nimekuona akilini, umesimama Tunduru na tochi mkononi, na mimi sipo. Angalau sasa utakuwa unajua kabla hujamfungulia mdomo, hutamcheka kwenye nyumba yake.

Ukifika mwamkie. Ukitaka kumpa barua hii aisome, mpe. Usimfikishie pole yangu. Pole ya kutumwa kwa mtoto nimeona haifai, nitakwenda mwenyewe baada ya msimu wa korosho, nisimame mlangoni kwake, na akiufunga ni haki yake. Halafu nitakwenda kwa Mama Salima. Huyo yuko karibu, dakika kumi kwa miguu, na nimeshindwa kuzitembea. Nitampeleka na yule jirani aliyenishika mkono, naye asikie, kama bado anasikia vizuri.

Nilifikiri kuificha barua hii kwenye mfuko wako, chini ya misasa, uikute ukiwa umeshapita Masasi. Nimeiweka humo kabisa, nikaitoa. Ingekuwa ni kufunika tena. Basi nitakukabidhi mkononi utakapoteremka kwenye bodaboda, kabla ya chakula, jua likiwa bado lipo, na nitabaki hapa barazani wakati unasoma.

Kabla ya yote nenda kwenye pipa. Inua ile sufuria, ielekeze juani, utafute tundu. Halipo. Ukishaona, fanya utakalo. Kama hutaki kuniamkia kesho alfajiri, usiniamkie. Kama hutaki nikusindikize stendi, mama yako atakusindikiza, ameshawahi kumsindikiza mmoja. Ila nakuomba kitu kimoja, nacho ni kwa ajili yangu, sina aibu ya kukisema. Usitokee mlango wa uani. Pita hapa mbele, nikuone usoni, na wewe unione.

Ni mimi baba yako, niliyeuchimba ule mchanga.